Simiti kwenye tekani: mara ya mwisho naeleza

Jumatatu nimeambiwa tena. Safari hii kwa simu, mwenye nyumba akiwa Mombasa: "Fundi, hilo daka na tekani piga simiti yote, juu upake rangi ya mafuta, unyevu uishe." Daka ni kile kibaraza cha mbele ya mlango, tekani ni kipito cha ndani ukishavuka mlango. Nilikuwa nimesimama humo humo tekani, mkono ukutani. Rangi ya mafuta ya fundi aliyenitangulia ilikuwa imevimba malengelenge. Nikatoboa moja kwa kucha, ukamwagika unga mweupe. Nikauonja. Chumvi.

Sasa nisikilizeni, maana mwaka huu huyu ni wa tatu.

Nyumba ya kale ya Lamu ni mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta wa nusu mita na zaidi, na chini ya msingi hakuna kitu chochote cha kuzuia maji. Ukuta unakunywa kutoka ardhini kama mkate uliochovywa kwenye chai. Wazee walijua hivyo. Hawakujaribu kuuzuia usinywe, waliuachia utoe jasho. Chokaa ina vitundu; maji yanapanda, yanafika usawa wa goti, yanatoka nje na upepo unayachukua. Ndiyo maana nyumba imekaa miaka mia mbili bila mtu kumuuliza fundi kuhusu unyevu.

Ukipiga simiti umefunga mlango wa kutokea. Maji hayakuondoka, wewe ndiwe huyaoni. Yanatafuta njia juu zaidi: mwaka huu goti, baadaye kiuno, na siku moja unaambiwa zidaka za ndani, vile vishubaka vya ukutani, zimeanza kumomonyoka na hakuna anayekumbuka ile simiti. Chumvi nayo inabaki nyuma ya plasta, ikikauka inakuwa chembe, chembe zinavimba na kusukuma. Na kwa kuwa simiti ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, haianguki peke yake. Inashuka na uso wa jiwe. Nimewahi kubandua kipande kikubwa kama sinia, mgongoni kimeshika matumbawe unene wa kidole. Hilo jiwe halirudi.

"Lakini ya jirani imekaa miaka mitano." Najua. Hata jino bovu hukaa.

Sina ugomvi na simiti. Ilipewa hati ya uvumbuzi Uingereza mwaka 1824, na kwa tangi la maji sitaki kingine. Ugomvi wangu ni kuipeleka isikoitwa.

Na kwa nini tekani iumie kuliko chumba kingine? Hili watu hawalifikirii. Daka liko wazi, mgeni anakaa barazani, upepo wa mtaa unapita. Ukivuka mlango, tekani inapinda, makusudi, ili mpita njia asione kiwanda, yaani ua wa ndani, na walio humo. Kona ile ile inayokata jicho inakata na upepo. Basi ukuta wa tekani ndio unaokauka polepole kuliko wote, halafu ndio tunaoufunika kwanza kwa sababu ndio mgeni anaouona. Mtu akiweka na kabati la viatu pale, lililobana ukutani, mimi hufunga mfuko wangu wa vyombo nikaomba maji ya kunywa kwanza.

Kazi yenyewe haina siri. Bandua simiti kwa tindo na nyundo ndogo, usitumie mashine. Acha ukuta wazi, miezi kama unaweza. Chokaa iwe imezimwa kwa maji zamani, mchanga usiwe wa ufuoni, maana huo ni kununua chumvi kwa pesa yako. Tabaka jembamba, halafu jingine. Funika kwa magunia uyaloweshe asubuhi na jioni. Chokaa haikauki tu; inaivuta tena kutoka hewani ile hewa ya ukaa iliyofukuzwa mawe yalipochomwa tanuuni, ndipo igeuke jiwe, na inakwenda kiasi cha milimita moja kwa mwezi. Ukipiga nene kwa haraka, juu ni jiwe na ndani ni uji. Mwisho niru, ile plasta laini ya chokaa ya kumalizia, kisha chokaa ya kupaka, nyeupe. Tekani haina dirisha. Weupe ndio taa yake.

Pembe ya daka ni hadithi nyingine. Punda wanapita na mashogi ya mawe wanaisugua, na kila mteja anataka pembe hiyo "iimarishwe". Mimi naiviringisha tu. Punda akigusa pembe ya mviringo anateleza, akigusa ncha anaivunja.

Sasa niseme na yangu. Kuna tekani niliyoipiga chokaa tupu, kwa utaratibu wote huo, na baada ya mwaka ikaanguka kama maganda. Labda maji hayakuwa ya ardhi, labda ni bomba la choo cha jirani, tulichimba, hatukulipata. Na nimewahi kutia kibaba cha simiti kwenye chokaa kwa kuwa mawingu ya masika yalikuwa yamekwisha simama na mteja ana harusi. Ukuta ule bado umesimama. Nikipita pale huugonga kwa kifundo cha kidole nikasikiliza, na sijaridhika na mlio. Pia siahidi kwamba unyevu "utaisha". Plasta ya chokaa chini ya ukuta wenye chumvi huliwa badala ya jiwe, na siku yake ikifika unaibandua na kupiga nyingine. Hiyo ndiyo kazi yake. Wateja hawapendi kusikia hilo wakiwa wameshika risiti.

Yule wa Mombasa kwenye tekani amekubali, baada ya kumtumia picha ya ule unga. Barazani bado tunavutana. Anataka taili za kahawia, zinazong'aa, na amesema kesho atanitumia sampuli kwa basi.