Mchuzi juu ya moto wa maabara

Je, wajua kwamba riwaya ya A Wrinkle in Time ilikataliwa na wachapishaji zaidi ya 20? Mwandishi wake, Mmarekani Madeleine L'Engle, alihangaika nayo hadi ikatoka mwaka 1962. Mwaka uliofuata ikatwaa Medali ya Newbery, tuzo kubwa ya vitabu vya watoto nchini humo. Ndani yake mna fizikia na mna Biblia. Vimekaaje nyumba moja bila kugombana?

Jibu naliona jikoni. Mama yake Meg, msichana tunayemfuata katika hadithi, ni mwanasayansi mwenye shahada mbili za uzamivu, na maabara yake imepakana na jiko. Akizama katika utafiti, mchuzi wa watoto huuchemshia humo humo, juu ya moto wa gesi wa maabara. Mtoto anayesoma haoni tena sayansi kuwa mambo ya wakubwa walio mbali. Ni kazi ya mama, naye chakula cha jioni kakiweka motoni.

Hata safari ya Meg na wenzake ya kuvuka anga, kumtafuta baba yake, inaelezwa kwa nguo. Bibi mmoja wa ajabu anashika sketi yake kwa mikono miwili na kuikaza. Mdudu mdogo akitaka kutoka mkono huu hadi ule, ana mwendo mrefu. Bibi anakutanisha mikono, kitambaa kinakunjika, mdudu kafika! L'Engle alikuwa msomaji wa Einstein, aliyetufundisha kwamba anga hupindika, lakini mtoto anayaelewa hayo kwa kutazama pindo la sketi.

Imani nayo haikufichwa. Watoto wanapoulizwa ni nani duniani waliopigana na giza, yaani uovu, jina la kwanza ni Yesu. Kisha wanafuata Leonardo da Vinci, wanasayansi Pasteur na Curie, Gandhi, Buddha, Einstein. Orodha hiyo, kwa kumweka Yesu pamoja na hao, iliwaudhi Wakristo kadhaa, na kitabu kikapingwa mara nyingi katika shule na maktaba za Marekani. Mimi naona waliisoma kwa pupa. L'Engle, naye Mkristo, hakuwa akiwapima hao kwa mizani moja. Maneno yanayotangulia orodha ni ya Injili ya Yohana, kwamba nuru yang'aa gizani, na kwake hata aliyeinamia hadubini akitafuta kweli alikuwa akitumikia nuru hiyo.

Ukurasa mgumu kuliko yote ni wa baba. Meg anamkuta kifungoni kwenye sayari ya mbali, anamtoa, kisha anagundua kwamba baba, mwanafizikia hodari, hawezi kumrudisha Charles Wallace, kitindamimba wao aliyetekwa akili. Anamkasirikia kweli kweli. Inambidi Meg arudi kwenye sayari hiyo peke yake, akiwa na maneno ya Paulo kwa Wakorintho, kwamba Mungu huwachagua walio dhaifu. Meg ni mkali wa hesabu, lakini hesabu haimfai hapo. Mbele ya ubongo mkubwa unaotawala sayari ile, anamkazia macho mdogo wake na kumwambia, tena na tena, kwamba anampenda.