Lango la Monasteri ya Kirkham: Ukuta Uliobaki Bila Mgongo

Lango kuu la monasteri ya Kirkham, kando ya mto Derwent huko North Yorkshire, Uingereza, lilijengwa mwishoni mwa karne ya 13, takriban miaka ya 1290. Monasteri yenyewe ni ya zamani zaidi: Walter l'Espec, bwana wa Helmsley, aliwaanzishia hapo makanoni wa Mtakatifu Augustino, yaani mapadri walioishi pamoja kama watawa, katika miaka ya 1120. Leo paa la lango halipo, chumba cha juu hakina sakafu, na sehemu kubwa ya nyuma imekwisha. Kilichosimama hasa ni ukuta wa mbele, na hali hiyo ndiyo inayoamua karibu kila jambo katika kuutunza.

Lango la monasteri halikuwa mlango tu. Bawabu alikaa hapo kupokea wageni, maskini walipewa sadaka hapo, na mipaka ya eneo takatifu ilianzia hapo. Ndiyo maana uso wake ulichongwa kwa fahari. Juu ya tao pana la kuingilia amewekwa Kristo ameketi, na chini yake wamo Mtakatifu Filipo na Mtakatifu Bartolomayo. Upande mmoja wa tao Mtakatifu Joji anapambana na joka. Upande mwingine Daudi anamkabili Goliathi. Katikati ya michongo hiyo zimepangwa ngao za koo zilizoifadhili monasteri. Ngao ya ukoo wa de Ros, waliourithi ufadhili huo kutoka kwa Walter, hutambulika kwa viriba vitatu vya maji. Msafiri aliyefika pale alijua mara moja ni watakatifu gani wanaoheshimiwa ndani na ni mabwana gani wanaowalinda makanoni.

Monasteri ilifungwa mwaka 1539, Mfalme Henry VIII alipozivunja nyumba za watawa. Katika uvunjaji huo kitu cha kwanza kuchukuliwa kwa kawaida kilikuwa risasi ya paa, metali laini iliyoezekewa, kwa sababu iliyeyushwa na kuuzwa kwa urahisi. Risasi ikishaondoka, mbao huoza, na matao ya dari hulowa hadi yakaanguka. Hapo ukuta wa mbele hupoteza kilichokuwa kikiushika kutoka nyuma. Upepo, ambao zamani uliupiga uso mmoja, sasa unaupiga pande zote mbili na kupenya madirishani. Kwa hiyo kipimo cha kwanza katika ukaguzi wa ukuta wa namna hii ni wima wake: timazi hushushwa au vipimo vya leza huchukuliwa kwenye pointi zilezile kila baada ya muda maalumu. Ufa wa zamani uliotulia si hatari. Ufa mwembamba unaopanuka milimita moja kwa mwaka ni hatari.

Tishio kubwa zaidi limo ndani ya ukuta wenyewe. Kuta nene za zama hizo zina nyuso mbili za mawe yaliyochongwa, na katikati kumejazwa vifusi na chokaa. Maji yakiingia kutoka juu huyeyusha chokaa ya katikati polepole na kuacha mapango. Wakati wa baridi maji hayo huganda, hutanuka kwa takriban asilimia 9, na kusukuma uso wa nje hadi unatuna. Uso uliotuna hugongwa kwa nyundo ndogo ya mbao: mlio wa utupu unaonyesha kwamba uso umeachana na kiini.

Mapango hayo hujazwa kwa uji wa chokaa, kamwe si kwa pampu yenye nguvu. Kwanza maungio yote ya nje hufungwa, kisha maji hupitishwa kusafisha vumbi na kuonyesha yanakotokea. Uji humiminwa kwa uzito wake kutoka ndoo iliyoinuliwa, kuanzia chini kwenda juu, na kimo cha kujaza kwa siku hakizidi nusu mita hadi mita moja. Anayeharakisha huujaza ukuta mzigo wa maji, na uji wenyewe unaweza kuung'oa uso aliokuja kuuokoa.

Kuhusu saruji tunasema wazi: isitumike. Ni ngumu kuliko jiwe la chokaa na haipitishi unyevu. Maji yaliyotakiwa kutoka kupitia maungio hulazimika kutokea kwenye jiwe, chumvi huganda usoni, na jiwe humomonyoka huku saruji ikibaki imechomoza. Mafundi wa Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar wanaijua kasoro hiyo kwenye kuta za matumbawe zilizopigwa lipu ya saruji.

Saruji ya zamani hutolewa kwa nyundo na patasi nyembamba, kwa kuwa msumeno wa umeme hula kingo za mawe. Ungio husafishwa kwa kina kisichopungua mara mbili ya upana wake, na si chini ya milimita 25. Mchanganyiko wa kawaida wa kulijaza upya ni sehemu 1 ya chokaa kwa 2.5 au 3 za mchanga mkali wenye punje za ukubwa tofauti. Jiwe huloweshwa kabla, la sivyo litanyonya maji ya chokaa na kuacha unga usioshika. Chokaa ikianza kukaza hupigwapigwa kwa brashi ngumu ili punje za mchanga zionekane na vinyweleo vifunguke. Kisha hufunikwa kwa magunia yenye unyevu kwa wiki moja au zaidi. Joto likishuka chini ya nyuzi 5 za Selsiasi, kazi husimama. Ndiyo maana msimu ni kuanzia Aprili hadi Septemba.

Kichwa cha ukuta nacho kinahitaji kofia. Majaribio katika magofu kama Hailes Abbey yameonyesha faida ya tabaka la udongo na nyasi, takriban sentimita 10: hunyonya mvua na kupunguza mabadiliko ya ghafla ya joto. Miche yenye mizizi ya mti lazima ing'olewe mapema. Mmea mkubwa unaotambaa hukatwa shinani na kuachwa ufe. Ukivutwa ungali hai, utashuka na mawe yake.

Sanamu haziguswi kwa maji ya shinikizo. Ukoko mweusi wa moshi umeshikana na ngozi ya jiwe, na kuubandua ni kuuondoa uso wa Daudi. Kilicho salama zaidi ni kusafisha kidogo kidogo kwa mvuke au maji machache, kuziba nyufa kwa chokaa laini, na kupaka utandu mwembamba wa chokaa na vumbi la jiwe ambao utaliwa na mvua badala ya uchongaji. Gango za chuma, yaani vishikizo vinavyofunga mawe pamoja, zilizoshika kutu hutanuka na kupasua jiwe, hivyo hubadilishwa kwa chuma kisichoshika kutu. Kwa gofu lililosajiliwa na serikali, lolote kati ya haya linahitaji kibali chini ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1979 ya kulinda mambo ya kale kabla ya jukwaa la kwanza kusimamishwa.