Anayekataa giligilani hadeki

Hapa Moshi, kachumbari ikiletwa na nyama choma, hakosi mtu wa kuchambua majani ya giligilani moja moja na kuyasukuma pembeni ya sahani. Ataambiwa anadeka. Si kweli, na inaniuma zaidi anapokaripiwa mtoto. Majani hayo yana kemikali ziitwazo aldehaidi. Za jamii hiyo zimo pia kwenye sabuni. Wapo waliozaliwa na tofauti karibu na jeni ya kunusa, OR6A2, na baadhi yao husikia sabuni tupu. Mazoea nayo yana nguvu, jeni si kila kitu. Ukiyatwanga majani, vimeng'enya huvunja aldehaidi na harufu hupoa. Mbegu zilizokaushwa zina harufu nyingine kabisa, ndiyo maana mtu huyohuyo humaliza sahani ya pilau.