Kibali cha mipango miji si cheti cha ujenzi

Wabongo na Wakenya tuliopo England tunaambiana sana hivi: unageuza dari (ile nafasi chini ya paa) iwe chumba, kaunsili (halmashauri ya mtaa) wakisema huhitaji kibali cha mipango miji basi umemaliza, ita fundi. Hapana jamani. Ni kweli nyumba za mstari (zilizoshikana ukuta na za jirani) zinaruhusiwa, kwa masharti, kuongeza hadi mita za ujazo 40 juu bila kuomba kibali, ila kibali chenyewe kinaangalia zaidi nyumba inavyoonekana na inavyomgusa jirani. Usalama ni kesi nyingine kabisa, mkaguzi wa ujenzi anataka kuona boriti za chuma kabla hazijafunikwa jipsamu, ving'amuzi vya moshi vya umeme vinavyolia pamoja, milango ya ngazini inayohimili moto, akiridhika ndo anatoa cheti cha kukamilika. Risiti ya fundi (na mafundi wanapenda kusema inatosha!) haitoshi, siku ukiuza nyumba loya wa mnunuzi anataka cheti. Kama kazi ilifanyika bila ukaguzi kuanzia 11 Novemba 1985, kaunsili wanapokea maombi ya kuihalalisha, ila wanaweza kukwambia utoboe jipsamu wachungulie ndani.