"Actually" haina maana ya "kwa sasa"

"Actually" ni kielezi cha Kiingereza: kwa kweli, kwa hakika, hasa. Visawe vyake ni "really", "in fact" na "in reality". Hapo hapana shida. Shida ni barua ya kuomba kazi yenye sentensi "Actually I live in Goma", mwandishi akikusudia kwamba siku hizi anaishi Goma. Mwingereza akiisoma anaelewa kwamba anasahihishwa: ulidhani naishi kwingine, sivyo.

Kosa hili halitokani na uvivu, lina mzizi. Kilatini kina kitenzi "agere", kutenda. Humo likatoka "actus", tendo, na baadaye "actualis", yaani -a kutenda. Kifaransa kililifanya "actuel" na maana ikaelekea kwenye kinachotendeka wakati huu, ndiyo maana "actuellement" ni "kwa sasa". Kihispania kina "actualmente", Kijerumani kina "aktuell", vyote vya wakati. Kiingereza kililipokea neno kupitia Kifaransa hichohicho, lakini kikashika njia nyingine. Katika mafundisho ya Kikristo, "actual sin" ni dhambi aliyoitenda mtu mwenyewe, tofauti na dhambi ya asili. Kilichotendwa ni cha kweli, si cha kudhaniwa, na kielezi kikabaki upande huo wa ukweli. Kwa hiyo aliyesomea Bukavu au Bujumbura, akaanza na Kifaransa darasani, ana kila sababu ya kuteleza.

Kiswahili kina kipimo kizuri kuliko kamusi nyingi: "kumbe". "He is actually a doctor" ni "Kumbe ni daktari". Ndani ya "actually" mara nyingi mna dhana iliyopinduliwa. Ndiyo sababu kwenye usaili, ukiulizwa kama una uzoefu, ukajibu "Actually, yes", unasikika kama unayemwambia muulizaji alikudharau. "Yes" inatosha.

Usikimbilie "presently" pia. Kwa Wamarekani ni "sasa", lakini kwa Waingereza wengi ni "punde".

Kwenye ile barua, "I currently live in Goma" ni sahihi. Ila hata "currently" si lazima, kwa kuwa "live" katika wakati uliopo imeshasema kwamba ni sasa. Andika tu "I live in Goma".