"Lakini mimi siumwi": majibu yangu kutoka dirisha la maabara

Juma hili amekuja mwingine. Ameshapimwa VVU, ameshakaa na mshauri nasaha, ameshapewa majibu kwamba anavyo, lakini anataka kumwona "yule aliyepima" amuulize ana kwa ana. Mbona nimenenepa? Mbona nala vizuri, na Jumapili nacheza mpira dakika zote 90? Kwa hiyo kipimo kimekosea. Nimechoka kulijibu hili dirishani huku foleni ya malaria ikininunia, ndiyo maana naliandika.

Kipimo cha haraka hakitafuti ugonjwa. Kinatafuta kingamwili dhidi ya VVU, basi. Mwili umeshaviona virusi, umetengeneza kingamwili, mstari umetokea. Mpira wako wa Jumapili haumo humo.

Historia ya maambukizi yenyewe naipitisha haraka, kila bango la kliniki linayo. Wiki mbili hadi nne baada ya maambukizi, wengine hupata homa, koo, upele, tezi. Wanameza dawa ya malaria, yanapita. Wengine hawapati kitu. Halafu kimya, ambacho bila dawa huchukua kwa wastani miaka kama 10, wengine miwili mitatu tu. Katika kimya hicho virusi takriban bilioni 10 huzalishwa kila siku, hasa kwenye tezi na kuta za utumbo. CD4, zile chembe za kinga ambazo virusi huzishambulia, zinakufa, mwili unafidia. Ukishindwa kufidia ndipo unaona mkanda wa jeshi, kikohozi kisichoisha, utando mweupe mdomoni. Na kama mwenzako amepima hana, hilo nalo halikuondolei chochote. Wenza wa majibu tofauti tunao wengi.

Sasa kukosea. Hapa wenzangu wa vyumba vya ushauri wananikera, maana mteja akiuliza kama kipimo hukosea, anajibiwa "hakikosei". Kinakosea! Chukua watu wazima 1000 wa Tanzania. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulikuta asilimia 4.4 ya wenye miaka 15 na zaidi wana VVU, kwa hiyo kati yao 44 wanavyo na 956 hawana. Tuseme kipimo kinakosea kwa mtu mmoja katika kila 100 wasio na virusi (vingi ni bora kuliko hapo, lakini twende nacho). Mistari itatokea kwa watu 54 hivi, na 10 kati yao ni wa bure, yaani mstari upo, virusi hawana. Peleka hesabu hiyohiyo Zanzibar, ambako maambukizi kwa jumla yako chini ya asilimia 1: wenye virusi wakiwa 5 katika 1000, wa bure bado ni 10. Yaani kwa kipimo cha kwanza pekee, wengi wa waliopata mstari hawana kitu.

Ndiyo maana jibu la kipimo kimoja, kiwe cha kujipima nyumbani au cha kambi ya upimaji uwanjani, si jibu la kuwa na VVU. Ni sababu ya kupima tena, kwa kipimo cha aina nyingine. Kipimo kilekile ukikirudia kinaweza kurudia kosa lilelile. Tangu 2019 Shirika la Afya Duniani linashauri vipimo vitatu mfululizo vikubaliane ndipo mtu aambiwe anavyo, na kabla ya kuanza dawa sampuli mpya ipimwe tena. Ukitaka kubishana na maabara, bishana hapo: nimepimwa kwa vipimo vingapi tofauti, na nani amehakiki? Hayo ni maswali ya maana, nami nitakujibu bila kununa. Lakini ona kwamba katika hesabu yote sikuuliza nani anaumwa. Wale 10 na wale 44 wote wanaweza kuwa uwanjani Jumapili.

Mstari hafifu uliotokea ndani ya muda ni mstari. Uliotokea baada ya muda kupita si kitu. Na msinitumie picha za vipimo WhatsApp, tafadhali.

Kuna wanaozunguka vituo wakitafuta hasi. Ubaya ni kwamba wengine huipata: anatumia ARV, dawa za kufubaza VVU, virusi vimefubaa, anajipima kwa majimaji ya mdomoni, mstari haujitokezi, anatangaza amepona. Mwaka 2011 magari yalijipanga kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500 kilichosemwa kinaponya hata UKIMWI, na wapo walioacha dawa kwa sababu tu walijisikia vizuri.

Lakini nikiri, imani hii sisi wa afya tuliipalilia. Kwa miaka mingi mwenye CD4 za kutosha tulimwambia asubiri, bado hajafikia dawa. Angeelewa nini zaidi ya kwamba yu mzima? Mwaka 2015 utafiti uitwao START, wenye washiriki 4,685 ambao CD4 zao zilikuwa juu ya 500, ulionyesha kuwa walioanza mara moja walipunguza magonjwa mazito na vifo kwa asilimia 57. Siku hizi ukithibitika unaanzishiwa, hata siku hiyohiyo. Hapo nina wasiwasi wangu. Mtu ambaye bado haamini, ukimpa kopo asubuhi aliyopokea majibu, je, anameza? Wapo wanaolipokea kwa heshima zote na hatuwaoni tena. Kumchelewesha nako ni kumpoteza. Sijapata jawabu linalonitosha.

Jambo moja silitilii shaka: "mzima" apimwe CD4 anapoanza. Wapo wanaoingia kwa miguu yao wakicheka, CD4 ziko chini ya 200. Ukiwa hivyo, usibishane na mashine. Uliza kama damu yako imepimwa kriptokokasi, fangasi anayeweza kushambulia ubongo. Chembechembe za fangasi huyo huonekana kwenye damu wiki kadhaa kabla kichwa hakijaanza kuuma, na wakati huo vidonge vya flukonazo, dawa ya fangasi, mara nyingi huzuia homa ya uti wa mgongo. Kichwa kikishaanza, ni kulazwa na kuchomwa sindano ya mgongo, na hata ARV zenyewe itabidi zisubiri wiki kadhaa.