Kabla ya kuniuliza kamera gani, niambie sauti inatoka wapi

Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ya kurusha laivu ilikuwa nikahi, nyumbani kwa bibi harusi, Tanga. Simu yangu ilikuwa nzuri, stendi imara, na picha ilitulia kama maji ya mtungini. Shekhe alikaa mkekani, hatua kama sita kutoka kwangu. Juu ya simu, karibu kabisa, pangaboi lilikuwa linazunguka. Bwana harusi alipotamka kwamba amekubali, sebule nzima ilisikia isipokuwa simu yangu. Muda si mrefu kaka wa bibi harusi akapiga kutoka Muscat: "Dada, mbona huku tunaozeshwa upepo?"

Nikahi ni maneno. Ukikosa maneno yale, umerusha picha za watu waliokaa chini. Tangu siku ile, mtu akinijia na swali la "dada, ninunue kamera gani?" humjibu kwa swali: unarusha nini, nani atakushika mkono, na sauti itatoka wapi? Hela ninazipanga hivi: kwanza sauti, pili mtandao, tatu umeme, mwisho kamera. Najua wauza kamera hawatanipenda.

Tuanze na mwenye simu na kama laki tatu mfukoni. Simu hiyo inatosha, usiidharau. Tumia kamera ya nyuma, ya mbele waachie wapiga selfi. Nunua stendi nzito isiyoangushwa na mtoto anayekimbia, na maiki ya waya ya kubana kwenye kola. Mimi nilianza na Boya BY-M1, ambayo waya wake una mita sita na bei yake si ya kutisha. Ina kiswichi kidogo cha kuchagua simu au kamera, nacho kimeshaaibisha watu wengi: ukikiacha upande usio wake unapata ukimya mtupu au sauti ya mtu aliye kisimani. Kama simu yako haina tundu la mviringo la earphone, utahitaji kiunganishi. Jaribu kabla hujatoka dukani, rekodi na usikilize hapo hapo, kwa sababu vipo vinavyotoa muziki vizuri lakini havipokei maiki. Kariakoo muuzaji atakuapia kuwa vyote ni sawa. Mwambie akusubiri dakika moja.

Maiki zisizo na waya ni raha, hasa kwa mhubiri anayetembea au MC asiyetulia. Lakini kwa anayeanza, waya hauishiwi chaji katikati ya dua.

Jambo la pili kwa mwenye simu ni kwamba simu ni simu. Ikipigwa, matangazo yanaweza kusimama. Anayerusha kwa laini ile ile anayopigiwa na shangazi kuuliza turubai liko wapi atajuta. Hivyo tafuta simu ya pili, hata ya zamani, iwe ndiyo yenye bando na iigawie simu ya kamera kwa Wi-Fi. Kwenye simu ya kamera, toa laini kabisa. Juani, ivue kava na uitafutie kivuli, maana kurusha huku inachaji kunaipasha joto mpaka ijizime yenyewe.

Na kuna mtego wa YouTube ambao watu hugundua asubuhi ya harusi. Kurusha kutoka kwenye simu kunataka chaneli iwe na wafuasi wasiopungua 50, na chaneli ambayo haijawahi kwenda laivu inaweza kusubirishwa hadi saa 24 kabla ya kufunguliwa. Washa huduma hiyo wiki moja kabla, urushe dakika mbili za ukuta wa nyumbani kwako, ujiridhishe.

Sasa bando, maana hapa ndipo watu hukisia. Picha ya 720p, yaani ya ukali wa kati, inaridhisha kabisa kwa mtu anayetazama kwenye simu, na mimi huituma kwa megabiti 3 kwa sekunde. Gawanya kwa 8 upate megabaiti, zidisha kwa sekunde 3,600: ni takriban GB 1.35 kwa saa. Shughuli ya saa tatu ni GB 4 na kidogo, nami hununua 6. Ukitaka 1080p, iliyo kali zaidi, kwa megabiti 6, kila saa inakula GB 2.7. Kupima kasi ya mtandao ni lazima, ila angalia kasi ya kupandisha (upload), siyo ya kushusha (download) ambayo kila mtu hujivunia. Kisha tuma nusu tu ya ulichopima. Na pima ukumbi ukiwa na watu. Saa nne asubuhi, wapambaji wakiwa peke yao, mtandao unapaa. Saa mbili usiku, wageni mia nne wakiwa na simu mkononi, mnara ule ule unahema. Ndiyo maana natembea na laini za mitandao miwili, na ile ya pili ina bando tayari, siyo "nitajiunga ikibidi".

Ngazi ya kati ni ya mtu ambaye ameshafanya kazi kumi au kumi na tano kwa simu, ana laptopu, na ana milioni mbili na nusu hivi. Hapa utatumia OBS Studio, programu ya bure ya kurushia laivu inayofanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, pamoja na kamera inayotoa picha kwa HDMI, ule waya wa picha wa televisheni, na kadi ya kunasia picha inayoiingiza kwenye laptopu kupitia USB. Zile kadi ndogo za bei rahisi zilizoandikwa 4K kwa herufi kubwa, nyingi hupokea 4K lakini zinachoiingizia kompyuta ni 1080p. Usizikasirikie, kwa 1080p zinatosha, ila usizilipie bei ya 4K.

Kamera ya mtumba nunua bila woga, lakini omba waichomeke kwenye televisheni ya dukani kwa HDMI. Ukiona alama ya betri, kiboksi cha kutafuta sura na namba namba pembeni, ujue na watazamaji wako wataviona. Tafuta kwenye menyu namna ya kuvificha. Visipofichika, rudisha kamera kwenye kabati lake. Iache iwake nusu saa huku mkipiga soga: inajizima? Inachemka? Uliza pia kama betri yake ya bandia inapatikana, ile ya kuchomeka kwenye umeme, kwa sababu betri ya kawaida haikufikishi kwenye keki. Binafsi, kwa shughuli ndefu napendelea kamera ya video ya zamani yenye zumu ya maana kuliko kamera ya picha inayotia ukungu nyuma ya watu. Ukungu ule unapendeza kwenye Instagram. Katika harusi, bibi harusi akisogea hatua moja, anayeonekana vizuri ni mpishi.

Kwenye OBS, laptopu yenye umri ikianza kukwama, ingia kwenye mipangilio ya kutuma, uondoe x264, inayokamua picha kwa prosesa, uweke Quick Sync ya Intel, au NVENC kama kuna kadi ya Nvidia. Mzigo unahama kutoka kwenye prosesa, na feni inaacha kulia.

Ngazi ya juu, kuanzia milioni sita, ni kamera mbili au tatu na mashine ya kubadilishia picha, yaani ya kuchagua kamera ipi ionekane. Blackmagic ATEM Mini ilipotoka mwaka 2019 kwa dola 295 iliwafungulia mlango wadogo kama sisi, kwa kuwa ina matundu manne ya HDMI na inajitambulisha kwenye kompyuta kama kamera ya kawaida ya USB. ATEM Mini Pro ya mwaka uliofuata inarusha yenyewe kwa waya wa mtandao na kurekodi kwenye diski. Nakushauri uchukue Pro kama mfuko unaruhusu, maana laptopu ikifa, shughuli inaendelea. Lakini haina betri ndani. Umeme ukikonyeza sekunde moja, kila kitu kinaanza upya, na jenereta la ukumbini huchukua muda wake kuamka. Nunua UPS ndogo, betri inayoshika umeme unapokatika, uchomeke hapo mashine na ruta ya mtandao tu. Usimruhusu mpambaji kuchomeka taa zake hapo, hata akikuita mwanangu.

Waya za HDMI zikivuka mita kumi au kumi na tano huanza kuleta vituko, picha inapotea na kurudi. Kwa umbali zaidi weka vibadilishi vya SDI, aina ya waya wa picha wa masafa marefu, ambavyo hufika mita mia kwa waya mzuri.

Sauti hapa utaichukua kwenye mikisa ya fundi muziki. Muombe tundu la aux, njia ya pembeni ya kutolea sauti, lenye ujazo wake peke yake, ili akipunguza spika za ukumbi wewe usipungukiwe. Halafu ongeza maiki moja ya ukumbini. Bila hiyo, MC atasikika kama yuko studio na vigelegele havitasikika kabisa, na harusi isiyo na vigelegele mtu wa Muscat ataidhania kikao. Sauti pia huwahi kufika kuliko picha: piga kofi moja mbele ya kamera, tazama, kisha uicheleweshe sauti mpaka vikutane.

Ngazi hii inataka watu, siyo vifaa tu. Kubadilisha picha, kusikiliza sauti na kujibu "hatuoni huku" haviwezi kufanywa na mtu mmoja. Kama uko peke yako, baki na kamera moja uirushe vizuri. Na kwa shughuli za wanawake, waulize wenyewe kabla hujafungua begi. Mimi huweka kiungo kisichoorodheshwa, yaani kisichopatikana kwa kutafuta YouTube, na bado nawaeleza kwamba yeyote atakayetumiwa anaweza kufungua. Wakisema hapana, ni hapana.

Taa sina mengi: geuza mgongo wako kwenye dirisha, siyo mgongo wa bibi harusi.

Yule kaka wa Muscat sasa ni mteja wangu, ameshaozesha ndugu wengine wawili kupitia kwangu. Dakika kumi kabla ya shekhe kukaa, humpigia na kumwambia anirudishie neno kwa neno anachokisikia. Mara ya mwisho alisikiliza kidogo, akasema: "Nasikia mtu anaomba sukari." Nikageuka. Kweli, jikoni walikuwa wanaomba sukari. Nikamwendea mwenye nyumba, nikamwomba azime pangaboi.